Mwaka Usiokuwa na wa Kwanza

Mama Mudogo Konsolata alipofariki tulikaa kilio chake mtaani Mabanga, uani, juu ya mawe yale meusi ya mlima wa volkeno ambayo hakuna kiti kinachotulia juu yake, na kila aliyekuja kutupa pole alikuwa na hadithi ya ugomvi wake na marehemu. Muuza makala, yaani makaa, alieleza jinsi alivyorudishiwa gunia zima kwa sababu chini kulikuwa na vumbi. Katekista alieleza jinsi alivyokatizwa mahubiri. Watu walicheka kama wanavyocheka watu waliolia tangu asubuhi, nami nikacheka nao, lakini nilipoulizwa la kwangu nilisema sina. Ninalo. Ugomvi wangu na mdogo wake mama ulichukua mwaka mzima wa shule, mwaka wangu wa pili wa sekondari, na mpaka leo sijui nani kati yetu alishinda. Mwaka wenyewe sitautaja kwa tarakimu. Mtu wa Goma ataujua nikisema kwamba moto wa mlima ulikuwa haujateremka mjini, kwamba vita vilikuwa vimerudi kabla hatujamaliza kuwalilia wa vita vya kwanza, na kwamba waliotutawala tuliwaita tu “wakubwa”, kwa sababu majina yao yalibadilika haraka kuliko tulivyoweza kuyakariri.

Habari za kwetu Kalengera, huko Rutshuru, nitaziacha, si za sura hii. Itoshe kusema kwamba nilifika Goma kwa miguu, nikiwa na sare ya shule ndani ya mfuko wa plastiki, nikapokelewa katika nyumba ya mbao yenye vyumba viwili. Chumba kimoja kilikuwa cha Mama Mudogo na mumewe, Papa Sila. Cha pili kilikuwa sebule, jiko siku za mvua, karakana, na kitanda changu. Papa Sila alikuwa fundi wa chukudu, ule mkokoteni wa mbao wenye magurudumu mawili ambao vijana wetu huupanda kama baiskeli na kuuteremsha mlimani ukiwa umebeba magunia ya viazi, kwa hiyo nililala kati ya meza na magurudumu yaliyonukia mti mbichi. Kando ya mlango kulikuwa na furushi lililofungwa muda wote: sufuria, blanketi, chumvi, Biblia. Hatukulifungua hata tulipohitaji ile sufuria. Tulikula upesi. Bugali, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, na siku njema sambaza, dagaa wa ziwani, na Mama Mudogo akiwa amesimama, sikio lake upande wa barabara ya kaskazini, anatuhimiza tumeze kwanza tutatafuna baadaye. Leo mume wangu ananilaumu kwamba nakula kama mtu anayefukuzwa. Ni kweli.

Ukuta wa mbao hauna siri. Asubuhi moja mwanzoni mwa mwaka ule, nikifunga kamba za viatu, nilimsikia Papa Sila akizungumza upande wa pili kwa sauti yake ya chini, ile aliyoitumia alipokuwa amekwisha kuamua.

“Mi nilisema vile, Konsolata. Huu mwaka asome. Akipita, sitasema kitu, aendelee, tutatafuta. Akidubla, anarudi Kalengera kwa shamba. Siwezi kulisha mutu mukubwa juu ya kurudilia darasa.”

“Kalengera kuko vita!”

“Na hapa kuko nini?”

Kudubla ni kurudia darasa. Mama Mudogo akasema: “Siku ya proklamasio utakuja weye mwenyewe. Utasikia jina yake na masikio yako. Sitaki uniambie kesho ati nilikudanganya.” Papa Sila akasema sawa, atakuja. Nikatoka nje na kiatu kimoja hakijafungwa. Tangu siku ile kila nilichokifanya kilikuwa na Kalengera ndani yake. Nikikosea hesabu naona barabara ile, nikipatia naiona bado. Njia ilikuwa imefungwa pande mbili, na kati ya waliojaribu kurudi kuvuna, wengine hatukuwaona tena.

Niseme proklamasio ilikuwa nini, maana watoto wangu wanaona kama ninawatungia ngano. Mwisho wa mwaka wazazi wote walijaa uwanjani, na prefe, yaani mkuu wa shule, alisimama kwenye ngazi akasoma majina ya kila darasa kuanzia wa kwanza. Ukiitwa, umepita. Unakwenda mbele, mama yako anapiga vigelegele, shangazi zako wanakumwagia poda ya mtoto kichwani mpaka nyusi zinakuwa nyeupe, na hivyo hivyo unatembezwa mjini ili hata asiyekujua ajue. Usipoitwa, hakuna anayekuambia kitu. Unabaki umesimama uwanjani, majina yanakwisha, watu wanaondoka, na unaelewa. Hakuna neno la kushindwa linalotamkwa. Kimya ndicho kinachokuambia.

Shule yetu ilikuwa Mapendo, na prefe wetu alikuwa Bwana Kambale, mtu mwembamba, mwenye koti moja na adabu nyingi, ambaye alitukemea kwa kutuomba samahani kwanza. Mwaka ule ofisi ya shule za mji iliichagua shule yetu ijaribu mageuzi ya miaka miwili ya kwanza ya sekondari. Programu tuliyokuwa nayo ilitoka enzi zilizokwisha kuzikwa. Tulikuwa tukikariri mito ya Ulaya na jinsi ng'ombe wa huko wanavyokamuliwa, na nusu ya darasa walikuwa watoto wa wafugaji wa Masisi walioacha ng'ombe wao wenyewe milimani wakikimbia. Mageuzi yalisema masomo yapungue, mtoto apimwe mwaka mzima kwa kazi anazozifanya badala ya mtihani mmoja wa mwisho, na anayechelewa asaidiwe wakati wa likizo badala ya kurudia darasa zima. Na yalisema jambo moja zaidi, ambalo halikuelezwa na mtu isipokuwa Bwana Kambale: wazazi waulizwe kwanza.

Basi wakaulizwa. Mkutano wa kwanza ulikuwa Jumamosi katika ukumbi wa parokia, na sisi wanafunzi tuliruhusiwa kukaa nyuma, sakafuni. Bwana Kambale aliandika ubaoni: Mtoto anayemaliza mwaka wa pili ajue nini? Akageuka akangoja. Nadhani alitegemea watu waseme hesabu na Kifaransa. Mzee mmoja wa Masisi alisimama, kofia mkononi, akasema mtoto ajue kuandika barua ambayo haiombi kitu. Baba mwingine akasema ajue Kifaransa cha kumjibu askari kwenye kizuizi, kile tu, kingine atajifunza akizeeka. Mtu akauliza kama shule inaweza kufundisha kukimbia bila kuacha vitabu, ukumbi ukacheka, Bwana Kambale akaandika hata hilo. Mama Bahati, aliyekuwa akiuza unga wa muhogo sokoni chini ya hema moja na Mama Mudogo, akasema polepole: “Ajue kusoma karatasi ya hospitali. Yangu nilisomewa vibaya.” Nimekaa katika kamati nyingi za mitaala tangu siku ile, zenye chai na beji za shingoni, na sijawahi kuona swali lile likijibiwa vizuri hivyo. Tulitoka tukiwa na furaha ya ajabu, kama watu waliokuta kwamba mlango waliozoea kuusukuma huwa unavutwa.

Mimi hasa nilikuwa na sababu. Kifaransa changu kilikuwa cha kutia aibu, maana mwalimu wetu wa Kalengera alikuwa amekimbia katikati ya mwaka na hakuna aliyemrithi. Katika mtihani mmoja wa mwisho, ulioandikwa wote kwa Kifaransa, nilikuwa nimekwisha kushindwa kabla ya kukaa. Lakini katika mpango mpya mwalimu alitwambia kila mmoja achague kazi inayofanywa nyumbani kwake, aipime, aichore, aje aieleze mbele ya darasa kwa lugha anayoiweza, kisha aandike mistari michache tu ya Kifaransa. Nilichagua chukudu. Nilipima urefu wa ubao, nikatafuta mahali pa kuweka mzigo ili gurudumu la mbele lisiinuke mlimani, nikachora mishale ya uzito. Nikampelekea Papa Sila mchoro anisahihishie. Aliutazama kwa muda mrefu, akaugeuza, akautazama tena.

“Iyi njo masomo?”

“Ndiyo, papa.”

“Iyi ni kazi yangu. Kama shule inafundisha chukudu, basi mi niko profesa.” Akamwita mkewe kutoka nje. “Konsolata! Kuja uone. Prefe anataka kumupa mutoto alama juu ya gurudumu. Na mi, miaka yote, nani alinipa?”

Alicheka mpaka akakohoa, na usiku ule alikula vizuri. Lakini mimi sikucheka. Nilielewa kwamba mtu huyu hataamini kamwe alama zilizotoka kwenye gurudumu lake mwenyewe. Nilikuwa wa tatu kwa kazi ile, au ningekuwa wa tatu kama nafasi zingehesabiwa, na ndani ya nyumba yetu haikuwa na thamani ya msumari uliopinda.

Mkutano wa pili ndio uliotugombanisha. Swali la ubaoni lilikuwa: Mtoto akipimwa, nani aambiwe? Bwana Kambale alieleza kwa upole kwamba ofisi inapendekeza kuacha nafasi za kwanza na za mwisho, na kuacha proklamasio. Kila mzazi ataonyeshwa kazi za mtoto wake, peke yake, ofisini. Hakumaliza sentensi. Mama Mudogo alikuwa amekwisha kusimama, unga bado kwenye mikono yake.

“Prefe, na heshima yako yote. Mi niko nauzisha unga. Mutu akija kununua, ninapima mbele ya macho yake, na jirani anaona. Sasa munataka kutupimia batoto nyuma ya mulango?”

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Bwana Kambale aliomba samahani, akangoja, akasema: “Mama, hata mutoto wa mwisho ana macho. Kila mwaka kuko benye kubakia katika kiwanja, hakuna mwenye anaita jina yabo. Mi njo ninafunga mulango, mi njo ninabaona.” Halafu akashusha sauti. “Na siku hizi, bazazi, jina ni kitu ya kuogopa. Kuko batu nje ya ukuta benye kusikiliza jina juu ya kujua mutu anatoka wapi.”

Hapo watu wote walitazama sakafu. Kila mmoja alijua anachokisema. Majina yetu sisi wa Rutshuru yalikuwa yakitutangulia barabarani, na hayakutuombea salama. Mama Mudogo peke yake hakutazama chini. “Jina ya mutoto wangu ni ile alibatizwa nayo. Nitaificha wapi? Nitaificha mpaka lini?”

Ndipo Mama Bahati aliposimama. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mkimbizi wa Masisi, na mwanawe Bahati alikuwa darasani kwetu, mvulana mrefu, mkimya, mwenye mkono mzuri wa kuchora, aliyekuwa akiurudia mwaka wa pili. “Wangu alibakia katika kiwanja mwaka jana,” alisema. “Nilimushika mukono, tukaenda. Muko munasema proklamasio ni furaha. Ni furaha ya benye kuitwa. Mi niko upande wa prefe.” Akakaa, na hakumtazama Mama Mudogo, ambaye walikuwa wakigawana hema, kivuli na chakula cha mchana.

Nilimchukia Mama Mudogo siku ile. Nasema waziwazi kwa sababu nilimpenda kuliko mtu yeyote niliyebaki naye. Mageuzi yale yalikuwa uzi pekee ulionishikilia Goma, naye alikuwa akiukata mbele ya watu wote, kwa makofi. Njiani nilitembea nyuma yake. Nyumbani nilimwambia, kwa ujasiri ambao sijui niliutoa wapi, kwamba akishinda yeye mtihani utarudi, na mtihani ukirudi mimi nitakuwa mtu wa Kalengera. Alikuwa akikoroga bugali. Hakugeuka.

“Weye unafikiri mi sijui? Alama, bakupimie namna banataka, kwa gurudumu, kwa sufuria, sitasema kitu. Lakini Papa Sila hasomi buletini ya alama. Anasikia. Jina lisiposemwa mbele ya batu, kwake ulianguka. Sipigane na prefe, niko napigana na ule mwanaume wangu.” Akapiga mwiko ukingoni mwa sufuria. “Leta sahani.”

Kwa hiyo sote wawili tulikuwa tukipigania kitu kimoja, kila mmoja akimharibia mwenzake. Penye wengi pana mengi, na mengi yetu yaliingia katika nyumba ya vyumba viwili. Sokoni Mama Mudogo na Mama Bahati walianza kukaa migongo ikitazamana. Papa Sila alitengeneza chukudu, na kila alilolimaliza lilinunuliwa na mtu aliyekuwa akihama. Na mimi sikuweza kutulia popote: darasani niliwaza nyumbani, nyumbani niliwaza barabara, usingizini nilikimbia.

Mkutano wa tatu ulikuwa wa kuamua. Bwana Kambale alikuwa amesimama kuwaomba wanaokubali wanyanyue mikono, mikono michache ikaanza kupanda, na hapo milio ikasikika upande wa kaskazini, karibu kuliko ilivyozoea. Sikumbuki mtu akipiga kelele. Nakumbuka mabenchi. Ukumbi mzima ulitoka kwa mlango mmoja, na Mama Mudogo akanivuta kwa kola kama mbuzi wa sokoni. Shule ikafungwa kwa majuma. Baadaye tulijua kwamba Bwana Kambale na watu wa ofisi walikutana peke yao, wakakumbuka ile mikono iliyokuwa imeanza kupanda, wakaona inatosha kuifuta proklamasio. Akaandika taarifa ya kupelekewa wazazi kwa mikono ya wanafunzi, lakini wanafunzi hawakuwapo, na shule ilipofunguliwa alidhani taarifa zimekwisha kugawiwa na mwalimu, na mwalimu alidhani yeye. Wakati wa vita kila mtu anadhani kwamba mwenzake amekwisha kusema.

Siku ya mwisho ya mwaka uwanja ulijaa kama kawaida. Watu walikuja na poda kama kawaida. Mama Mudogo alivaa kitenge chake cha Pasaka, na Papa Sila, kweli, alikuja, akasimama karibu na ukuta, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kukagua mbao. Watu wa ofisi walikaa kwenye viti vya ukumbini. Bwana Kambale alipanda ngazi na koti lake, akasema mwaka huu hatuna wa kwanza wala wa mwisho, watoto wote ni wetu. Watu wakapiga makofi, wakingoja. Halafu akasema: “Bale nitaita, bapite mbele, tutaongea nabo ofisini.” Hakusema sababu. Nilimwelewa baadaye sana. Hakutaka kuwaaibisha. Hao aliowaita ndio waliotakiwa kubaki likizo kwa masomo ya msaada, na kwa kuwaonea huruma aliona afadhali asiseme wameitiwa nini. Sisi tuliopita tulitakiwa kurudi nyumbani kwa amani.

Akafungua mdomo. “Bahati Munguiko.”

Sijawahi kusikia sauti kama ile aliyoitoa Mama Bahati. Mwanamke wa maneno machache alipasua uwanja. Mwaka uliopita alikuwa ametoka hapo hapo akimshika mtoto mkono, kimya. Sasa alimkimbilia, akamwaga kopo zima la poda kichwani mwake, mabegani, mgongoni, akimzunguka huku akicheza, na wanawake wa Masisi wakamfuata kwa vigelegele. Alidhani upande wa Mama Mudogo ndio ulioshinda, na kwa mara ya kwanza alifurahia kushindwa. Hata alimnyoshea Mama Mudogo mkono kutoka mbali, na Mama Mudogo akampungia, na migongo ile iliyotazamana miezi yote ikasahauliwa. Bwana Kambale alisita. Alitusimulia mwenyewe, nilipokuwa tayari mwalimu mwenzake, kwamba wakati ule alidhani wazazi wameyaelewa mageuzi kuliko alivyotegemea. Akaendelea kuita kwa kufuata alfabeti. Kila jina lilikuja na poda. Yakafika ya M, yakapita ya M, yakaruka ya N, akaita Sifa, akakunja karatasi. Asante sana, akasema. Mungu awabariki.

Mimi ni Nyirahabimana. Nilisimama mahali nilipokuwa. Mama Mudogo alikuwa na kopo la poda mkononi, kifuniko amekwisha kukizungusha. Papa Sila aliondoka ukutani, akaja taratibu, na niseme kweli hakuwa na furaha usoni.

“Umesikia weye mwenyewe,” alimwambia mkewe. “Hakuna jina. Afunge bintu vyake.”

“Ngoja,” alisema Mama Mudogo.

“Konsolata, tulipatana.”

“Nilisema ngoja!” Akapasua watu. Nilimfuata kwa sababu miguu haikujua pengine pa kwenda. Alifika ngazini, akasimama chini ya Bwana Kambale. “Prefe. Mutoto wangu alikosa nini?”

Bwana Kambale akaangalia karatasi, akashangaa. “Nyirahabimana? Hakukosa kitu, mama. Alipita. Alipita muzuri hata.”

“Alipita njo haukumwita?”

“Benye kupita habaitwe, mama. Benye kuitwa njo benye tutasaidia.”

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini waliokuwa karibu walisikia, wakawaambia waliokuwa nyuma yao. Niliona neno likitembea uwanjani. Vigelegele vilikatika kimoja baada ya kingine, na katikati ya uwanja wakabaki watoto weupe, vichwa vyeupe, mikono myeupe, wakitazamana, na sasa hapakuwa na mtu katika Goma yote ambaye asingewajua. Masomo ya msaada yalianza Jumatatu. Bahati hakuja siku hiyo, wala siku nyingine. Nilisikia ameshika kazi ya kubeba mbao bandarini. Mvulana yule angesaidiwa kidogo tu. Kazi yake ya mwaka, mchoro wa zizi la ng'ombe lenye vipimo vyote, ilikuwa imebandikwa ofisini kwa prefe kwa sababu ilikuwa nzuri.

Lakini Mama Mudogo alikuwa bado hajageuka kuona. Yeye alikuwa na vita vyake. “Basi umwite,” alisema.

“Mama, tulikubaliana katika mukutano…”

“Nani alikubali? Risasi njo ilikubali? Bwana yangu iko pale, prefe. Kesho anamurudisha mutoto kwa vita. Iko nangojea jina. Liseme tu.”

Bwana Kambale alimtazama, akamtazama Papa Sila aliyesimama mbali mikono nyuma, akawatazama watu wa ofisi kwenye viti vyao. Mmoja wao alikuwa akitikisa kichwa kumkataza. Bwana Kambale akawaomba samahani kwa Kifaransa, akachukua daftari la darasa, akasoma. Alisoma wote waliopita, bila nafasi, majina yote matatu ya kila mmoja, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kutukemea, ikavuka ukuta mpaka kwa yeyote aliyekuwa akisikiliza nje. Hakuna aliyepiga kigelegele. Alipofika kwangu alisoma polepole: “Nyirahabimana Uwase Espérance.” Furaha na hofu zilinijia pamoja, na sikuweza kuzitenganisha.

Papa Sila alisogea hatua chache. “Sawa,” alisema. “Nimesikia.” Halafu akanishika bega, yeye ambaye hakuwa na desturi ya kumshika mtu. “Sekondari ya tatu. Eh. Na ile gurudumu, si njo ilikupitisha?”

Tulirudi Mabanga kwa barabara ya bomba la maji. Papa Sila alitangulia, na kila aliyemjua alimwambia, na asiyemjua pia: “Wetu alipita! Mi nilisikia mwenyewe!” Penye bomba tulimkuta Mama Bahati. Bahati alikuwa ameinama, na mama yake alikuwa akimwosha kichwa. Poda ikiingia maji haitoki upesi, inakuwa ugali. Alikuwa akiifuta kwa ncha ya kitenge, shingoni, ndani ya masikio, kama anamwosha mtoto mchanga. Bahati alikuwa amefumba macho. Mama Mudogo alisimama. Alikuwa bado na kopo lake, hakuwa amenimwagia hata chembe.

“Pole, dada yangu,” alisema.

Mama Bahati hakuinua kichwa. “Pole ya nini? Weye njo ulitaka majina iitwe. Ya kwangu iliitwa.”

Nilimtazama Mama Mudogo. Alikuwa amemjibu muuza makala, katekista, prefe, mumewe, na mara moja askari mwenye bunduki. Nilingoja. Maji yalikuwa yakianguka juu ya mawe. Mbele yetu Papa Sila alikuwa amemsimamisha mtu mwingine, anacheka, mkono wake ukinionyesha: “Ule pale! Alipita! Jina yote matatu!”

“Nyamaza, Sila,” alisema Mama Mudogo.

Akanyamaza, na tukaenda hivyo mpaka nyumbani.